Fatwa niliyoitoa nusu: Bima ya kijana anayekwenda kusoma nje

 

Ndugu msomaji, leo sina nia ya kumnyooshea mtu kidole. Nataka kueleza kosa nililolifanya mwenyewe hapa Turiani mwaka 2022, kwa kuwa nina hakika kwamba walimu wenzangu wengi wa dini wamelifanya, wanalifanya, na wanaendelea kushukuriwa kwalo.

Nilikuwa nimemaliza darsa baada ya swala ya Isha. Kijana mmoja ambaye nilimfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu tangu kidato cha kwanza alinifuata akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia katika mji mmoja wa kusini mwa India. Baba yake ni kibarua katika mashamba ya miwa na ana kijishamba cha mpunga. Nauli peke yake ilikuwa imekwisha kuigharimu familia ile ng'ombe wawili. Karatasi ilitoka chuoni kwake, na mahali pamoja iliuliza kama mwanafunzi anataka kulipia rupia 4,500 kwa mwaka ili atibiwe akiugua au akipata ajali. Kwa fedha yetu ya wakati ule ilikuwa kama shilingi laki moja na elfu thelathini. Haikuwa lazima. Kulikuwa na sehemu ya kuandika ndiyo na sehemu ya kuandika hapana.

Akaniuliza, "Ustadh, hii imekaaje kisheria?"

Nikamjibu bila hata kuishika ile karatasi, "Hiyo ni bima, kijana wangu. Bima ni haramu. Wewe mtegemee Allah."

Akashukuru, akaandika hapana mbele yangu. Wazee wawili waliokuwa wameketi karibu na mimbari walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nami, Allah anisamehe, nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi ya dini.

Miezi sita baadaye, Februari 2023, simu ya mzee wake ililia usiku. Kijana alikuwa amegongwa na gari akitoka kununua chakula, mfupa wa paja umevunjika mara mbili. Alikuwa amelazwa katika hospitali ya chuo chenyewe anachosoma. Madaktari walikuwa tayari kumfanyia upasuaji, lakini utaratibu wao ulidai kwanza amana ya rupia laki mbili. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni tano na nusu. Wanafunzi wenziwe Watanzania walichangishana, wengine wakatoa fedha ya chumba, wakafika nusu. Huku kwetu tulisimama Ijumaa baada ya swala tukatandaza kanga mlangoni. Tulipata shilingi 412,000 na sarafu kadhaa. Si kwamba Waislamu wa Turiani ni mabakhili. Msimu wa kulima hauna fedha, kila anayeijua Mvomero analijua hilo. Mzee akauza magunia ya mpunga aliyokuwa ameyahifadhi kwa ajili ya chakula, akakopa kwa mfanyabiashara mmoja wa Madizini, na siku ya tano ndipo upasuaji ukafanyika.

Kijana ni mzima, alhamdulillahi. Lakini mwaka wa masomo ulimpita, deni la Madizini lililipwa kwa misimu miwili, na mguu mmoja una upungufu wa kama vidole viwili. Alipokuja likizo mwaka 2024 alinijia nyumbani kunisalimia, akichechemea, pamoja na baba yake. Hakunilaumu hata kwa ishara. Tulikunywa chai, tukaongea habari za India. Walipokuwa wanaaga, mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Hivi ustadh, ile karatasi hasa ilikuwa na ubaya gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na neno moja, haramu, na sikuwa na kingine zaidi ya hilo.

Mimi ni zao la Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, chuo kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005, na bado wapo huko watu ninaowategemea ninapokwama. Wiki ileile nilipanda basi hadi Msamvu nikamfuata mwalimu wangu mmoja wa Fiqhi. Nikamsimulia yote. Hakunipa hukumu kwanza. Aliniuliza, "Ulimuuliza fedha ile inakwenda kwa nani, na anayetibu ni nani?" Nikasema sikuuliza. Akasema, "Basi hukuwa na swali mbele yako. Ulikuwa na neno bima tu, ukalijibu neno."

Tuliyoyapitia siku ile na niliyoyasoma baada ya hapo ndiyo nayaleta hapa kwa ufupi. Sifanyi hivyo ili kila mtu ajitolee fatwa nyumbani kwake. Nataka anayekwenda kwa sheikh wake ajue cha kuuliza.

Jambo hili si jipya kama tunavyodhani. Katika karne ya 19 mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi, Ibn Abidin wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, aliulizwa kuhusu wafanyabiashara waliokuwa wakilipa fedha kwa mtu wa Ulaya ili meli zao zikizama awalipe fidia. Hakukubaliana na mkataba huo. Tangu hapo wanazuoni wamekuwa wakilijadili. Katika kongamano la Fiqhi lililofanyika Damascus mwaka 1961, Sheikh Mustafa az-Zarqa alitetea kuwa bima kimsingi inafaa, na Sheikh Muhammad Abu Zahra akampinga. Hivyo hata katika kiwango cha mabingwa hawa tofauti ilikuwepo, na walijadiliana kwa adabu.

Rai iliyopata nguvu ni ile ya Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah Desemba 1985. Ilisema kuwa bima ya kibiashara, ambayo mtu anailipa kampuni ada maalumu na kampuni inabeba hatari yote kwa ajili ya faida yake, ina gharar kubwa, yaani mashaka makubwa katika mkataba. Unalipa leo na hujui utapata nini, wakati gani, wala kama utapata kitu chochote. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya mashaka, na Hadith hiyo ni sahihi. Ongeza hapo kuwa kampuni nyingi huziweka fedha hizo katika riba. Huu ndio msingi wa lile neno haramu ambalo mimi nalo nililisikia toka utotoni.

Lakini hapo ndipo nusu ya kwanza ya fatwa inapokwisha, na wengi wetu ndipo tunaposhuka kwenye mimbari. Kikao kilekile, katika uamuzi uleule, kilisema kwamba mkataba unaokubalika badala yake ni bima ya ushirikiano, ambayo wanachama wanachangia kwa nia ya kusaidiana, na mwenye kupatwa anapewa kutoka katika mfuko wao wa pamoja. Baraza la Wanazuoni Wakubwa wa Saudi Arabia lilikuwa limekwisha kuliruhusu hilo tangu mwaka 1977. Kwa Kiarabu limeitwa takaful, kudhaminiana. Na halikubakia vitabuni. Sudan ilianzisha kampuni ya kwanza mwaka 1979, Malaysia ikatunga sheria yake mwaka 1984, jirani zetu wa Nairobi wakafungua Takaful Insurance of Africa mwaka 2011, na hapa kwetu Shirika la Bima la Zanzibar limekwisha kuanzisha huduma ya takaful. Anayesema leo kuwa Waislamu hawana mbadala anazungumzia dunia ya babu zetu.

Lililonichoma zaidi ni uamuzi mwingine wa Majmaa hiyohiyo, uliotolewa katika kikao cha Dubai mwaka 2005, ambao ulihusu bima ya afya mahususi. Wanazuoni walitenganisha mambo. Ukipatana na kampuni ya biashara iliyo katikati yako na hospitali, hukumu inarudi kulekule kwa uamuzi wa mwaka 1985. Ukiwa katika mfuko wa ushirikiano, inafaa. Na ukipatana moja kwa moja na taasisi yenyewe inayotibu, kwamba unailipa kiasi fulani nayo inajifunga kukutibu kwa muda fulani, inafaa pia kwa masharti ya kupunguza mashaka, kwa sababu ya haja ya watu katika kulinda uhai na miili yao.

Sasa irudie ile karatasi ya kijana wangu. Rupia 4,500 zilikuwa zinalipwa chuoni. Anayetibu ni hospitali ya chuo. Hapakuwa na kampuni katikati. Ilikuwa ndiyo sura ileile ambayo wanazuoni wa Umma walikwisha kuikalia na kuipitisha miaka 17 kabla sijafungua kinywa changu. Kama ningeishika karatasi na kuisoma mistari kumi, ningeliona hilo.

Wapo watakaosema: hata hivyo ustadh, kwa nini kijana wa Kiislamu ahangaike na haya, wakati ajali na maradhi ni qadari? Hoja hii naiheshimu kwa sababu inatoka katika moyo wa imani, lakini haina mashiko. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa watu wa Yemen walikuwa wakienda Hijja bila ya chakula wala fedha, wakisema wao ni wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wanaanza kuwaomba watu. Kwa sababu yao ikateremka sehemu ya aya ya 197 ya Suratul Baqara inayoamrisha kuchukua masurufu. Sisi tumezoea kuisoma aya hii kwa haraka ili tufike pale inapoitaja taqwa kuwa ndiyo masurufu bora, tukasahau kwamba amri imeanza na chakula cha safari. Mahujaji wale hawakuwa wavivu wala waasi. Walikuwa wanakwenda katika nyumba ya Allah, na bado wakasahihishwa.

Na Umar (r.a.) alipofika Sargh katika safari ya Sham akapata habari ya tauni, akarudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza vipi, anaikimbia qadari ya Allah? Umar akamjibu kwamba anaikimbia qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah. Hakuna aliyemwambia Umar kuwa imani yake imepungua. Kanga tuliyoitandaza mlangoni ile Ijumaa, tukiitazama kwa jicho la kisa cha mahujaji wa Yemen, ilikuwa ni kuomba watu baada ya kuondoka bila masurufu.

Nije sasa katika upande wa vitendo, kwa sababu kila mwaka miezi ya Agosti na Septemba vijana wetu wanaondoka: India, China, Uturuki, Malaysia, Misri, Madina, Algeria, wengine Ulaya. Hukumu haiwezi kutolewa bila kujua nchi inataka nini.

Zipo nchi ambazo huna hiari. Uingereza imekuwa ikiwatoza wanafunzi wa kigeni ada ya afya pamoja na viza tangu Aprili 2015, na tangu Februari 2024 ada ya mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, inayolipwa kwa pamoja kabla hujapanda ndege. Huko unalipa serikali na unatibiwa na serikali. Hiyo kwa hakika inafanana zaidi na kodi kuliko bima. Ujerumani chuo hakikusajili bila uthibitisho wa bima ya afya. Malaysia bima ya matibabu ni sehemu ya taratibu za kupata pasi ya mwanafunzi. Anayekwenda nchi za Schengen kwa viza ya muda mfupi, tuseme kwa kozi ya wiki kadhaa, anatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, yenye kugharamia pia kurudishwa nyumbani. Na tusiwashangae. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi alipie bima ya dola 44 kabla ya kuingia. Tunachomtaka mgeni wetu ndicho tunachotakiwa sisi tukiwa wageni.

Katika hali hii ya kulazimishwa na sheria ya nchi, wanazuoni wengi wa zama zetu hawamtii dhambini mwenye kulipa, hata kama bima yenyewe ni ya kibiashara, ila wanamtaka aishie katika kiwango kinacholazimishwa na achague takaful pale inapopatikana.

Uturuki ninaitaja peke yake kwa kuwa vijana wetu wengi wanaipenda na wengi wanaumia huko kwa kutokujua. Mwanafunzi wa kigeni anayejilipia ana miezi mitatu tu, tangu aliposajiliwa chuoni kwa mara ya kwanza, ya kuomba kuingia katika bima ya afya ya hifadhi ya jamii ya serikali. Ikipita miezi hiyo mlango unafungwa, na anabaki na kampuni binafsi. Mwenye ufadhili wa Türkiye Bursları huandikishwa na wafadhili wake. Kwa hiyo kijana wa kujilipia anayesema ngoja kwanza nitulie, nitaulizia mwakani, anajitoa mwenyewe katika mfuko wa umma na kujipeleka kwenye ile bima ya kibiashara aliyokuwa anaiogopa. Tazama namna uzembe unavyoweza kuvaa kanzu ya uchamungu!

Jambo jingine linalowachanganya wazazi ni kudhani kuwa bima ya safari na bima ya afya ni kitu kimoja. Bima ya safari ni ya siku za safari: mzigo kupotea, ndege kuahirishwa, dharura ya ghafla. Imekatwa kwa siku au wiki, na ikiisha imeisha. Haikutibu malaria ya mwezi wa saba wala haikupi dawa za kila mwezi. Mwanafunzi anayekaa miaka minne anahitaji bima ya afya ya nchi anayoishi. Nimemkuta mzazi hapa Turiani anayeamini kuwa kwa vile mwanawe ana kadi ya NHIF basi amelindwa hata akiwa Guangzhou. Kadi ile hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko hapa nchini. Ukishavuka mpaka, kaa nayo kama kumbukumbu.

Halafu isomwe ile sehemu ya maandishi madogo, inayoeleza yale yasiyolipwa. Hapa namwambia kijana wa Kiislamu kwa msisitizo: usifiche ugonjwa. Mwenye selimundu, pumu au kisukari akiulizwa katika fomu aseme ndiyo. Wapo wanaoandika hapana ili ada ipungue, kisha wakiugua mkataba unatenguliwa, na kabla ya kutenguliwa ulikuwa tayari umejengwa juu ya uongo. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula akakuta umajimaji ndani, alisema maneno mazito juu ya mwenye kughushi. Hakubagua kughushi kwa muuzaji na kughushi kwa mnunuzi.

Vita navyo kwa kawaida havimo. Vita ya Sudan ilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, ikiwa ni Ramadhani 24, tulikuwa na vijana wetu wengi Khartoum, hasa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Walikaa siku kadhaa chini ya milio ya risasi wakifuturu kwa maji. Hakuna kampuni ya bima iliyowatoa. Mwishoni mwa mwezi ule serikali iliwapitisha kwa barabara hadi Ethiopia, na ndege ikawaleta nyumbani Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi. Hivyo basi, la kwanza kufanya ukifika nchi ya watu ni kuandikisha jina lako ubalozini. Haigharimu kitu, na hakuna sheikh atakayekuuliza hukumu yake.

Kuna suala la maiti pia, ambalo watu huona vibaya kulitaja mbele ya kijana anayesafiri. Mikataba mingi ina fungu la kusafirisha mwili. Sisi watu wa Shafii tunajua kuwa katika madhehebu yetu kumhamisha maiti kwenda mji mwingine kumekatazwa, isipokuwa akiwa karibu na Makka, Madina au Baytul Maqdis, na Sunna ni kuharakisha mazishi. Lakini misiba mingi ya ughaibuni tunaiendesha kwa kuchangisha mamilioni ili mwili uletwe baada ya wiki tatu katika jokofu, huku mjane na yatima hawana ada ya shule. Mwambie mwanao aulize kama fungu lile linaweza kulipia mazishi ya Kiislamu hukohuko. Mingine inaruhusu. Na aache wasia wa maandishi kuwa azikwe alipofia, ili wajomba wasije wakagombana.

Nilipomweleza yote haya yule mzee, baba wa kijana, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa ustadh. Lakini kama ungemwambia alipie, ile laki na thelathini ningeitoa wapi siku ile? Nilikuwa nimebakiwa na nauli ya kumsindikiza Dar."

Hili nalo sikuwa nimelifikiria. Tunasomesha watu tofauti ya takaful na bima ya biashara, na mwenye kusikiliza hana uwezo wa kulipia hata moja. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kuwa watu wa kabila lake, chakula chao kilipopungua vitani au wakiwa Madina, walikusanya kila walichokuwa nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja, na Mtume (s.a.w.) akawasifu kwamba wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Bukhari na Muslim wameipokea. Wanaoandika juu ya takaful huitaja sana Hadith hii. Nguo yao na kanga yetu zinafanana kwa sura. Tofauti ni kwamba wao walikusanya wakati kila mtu bado ana kidogo cha kutoa, na kila mtu akatoa chake chote. Sisi tunasubiri mtu alale hospitali siku tano ndipo tutafute sarafu mifukoni.

Tangu Muharram iliyopita tumeanza jambo dogo katika msikiti wetu. Kila kaya inayotaka inatoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na msimu wa mavuno anayeweza huleta mpunga debe moja. Kazi ya mfuko ni moja tu: kijana wa hapa anayekwenda kusoma nje, wa kiume au wa kike, alipiwe mwaka wake wa kwanza wa bima ya afya, iliyo takaful au ya chuo au ya serikali, baada ya watu watatu kuisoma karatasi yake na kuridhika nayo. Gharama za matibabu hatuziwezi, na tumeandika hivyo waziwazi ili mtu asije akatudai tusichokiahidi.

Upinzani upo. Wazee wawili wale wa karibu na mimbari wanasema nimebadilisha dini, na mmoja ameacha kuhudhuria darsa langu. Simlaumu, maana yeye ameshikilia kile nilichomfundisha mimi. Kila Ijumaa namfuata nje baada ya swala namsalimia, ananiitikia salamu kikamilifu kisha anashika njia yake. Wengine wanahoji kwa nini fedha ziende kwa wanaosafiri wakati wapo wagonjwa hapahapa wasio na kadi ya aina yoyote. Swali hili lina haki yake. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na kamati yetu imepanga kukaa na mganga mmoja atueleze kaya maskini za hapa zinaingiaje humo.

Mwezi wa Agosti binti mmoja wa Kizigua, mwenye pumu, alileta fomu yake ya chuo cha Uturuki. Anajilipia mwenyewe kwa msaada wa kaka yake aliyeko Oman. Tulikaa barazani kwangu watu wanne tangu Asri mpaka karibu na Magharibi, mke wangu akitafsiri pale Kiingereza kilipotushinda. Palipoulizwa maradhi, binti alinitazama. Nikamwambia andika pumu. Tukahesabu miezi mitatu tangu siku ya kusajiliwa, tukapata tarehe ya mwisho, na kaka yake akaiandika katika simu yake huko Muscat. Yule kijana anayechechemea naye alikuwepo, bado yuko likizo. Yeye ndiye aliyemkumbusha kuwa namba ya hospitali na namba ya ubalozi aziandike pia katika karatasi aiweke ndani ya pochi, kwa sababu siku ile India simu yake ilivunjika pamoja na mguu.